Mfarishi wa Mkwe

Nyumba yetu ipo Ngamiani, Tanga, na ina vyumba vitatu: kimoja chetu, kimoja cha mjukuu, kimoja cha viroba. Hicho cha tatu kwa jina ni chumba cha wageni. Mke wangu ni fundi cherehani, na hatupi kitu. Gauni likishakatwa, kinachobaki kinaingia kirobani. Kiroba kikijaa kinafungwa kamba, kinasukumwa uvunguni, kinafunguliwa kingine. Mwaka niliostaafu viroba vilikuwa vitano, vile vya mchele vya kilo hamsini, na kitanda cha wageni kilikuwa kimenyanyuka miguu ya upande mmoja.

Kila nilipouliza nilijibiwa maneno mawili: "Vina kazi."

Na kweli vilikuwa na kazi, nisiseme uongo. Kitambaa cha kushikia sufuria kilitoka humo. Maji yakikatika, ngata ya kuwekea ndoo kichwani ilitoka humo. Utambi wa kibatari, tambara la deki, kamba ya kufunga kuku mguu, matumbo ya mpira wa chandimu wa watoto wa mtaa mzima, mwanasesere wa mjukuu mwenye macho ya vifungo viwili visivyofanana. Siku moja alikuja mteja ambaye gauni lake la miaka mitatu nyuma lilikuwa limefumuka kwapani na kuchanika. Mke wangu akazama uvunguni, akaibuka na kipande cha kitambaa kilekile, akakitia kiraka hata shina la ua likakutana na ua lake. Yule mama alitokwa na machozi. Tangu siku ile sikuwa na hoja, ila nilikuwa na hesabu: vilivyotoka kwa mwaka havikujaza kikapu, vilivyoingia vilijaza kiroba.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Pangani. Magoti yanamsumbua, anakuja kutibiwa, atakaa wiki mbili. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na Idi ilikuwa inakaribia, maana yake mke wangu analala saa nane za usiku na kuamka alfajiri na tepu bado ipo shingoni. Viroba lazima vitoke chumbani. Yeye hana nafasi. Mimi ninayo, tena tele.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Nitavimaliza."

Aliniangalia juu ya miwani. "Utavimaliza namna gani?"

"Kwa ubunifu."

Nilianza na mito, nikidhani ndiyo kazi nyepesi. Unashona mfuko, unashindilia vipande, unafunga. Nilishindilia kwa mpini wa mwiko mpaka jasho likanitoka. Mke wangu alipojaribu kuunyanyua aliuacha palepale. "Baba Watoto, huu si mto, huu ni mfuko wa saruji." Ndipo akanifundisha: vipande vya kujazia mto hukatwakatwa vidogo kama ukucha, tena vichanganywe na sufi, la sivyo hujikusanya upande mmoja vikawa donge.

Basi nikakatakata. Hapa inabidi nieleze kwamba nyumba ya fundi huwa na mikasi miwili, wa vitambaa na wa mambo mengine, na ule wa vitambaa haugusi karatasi hata kwa bahati mbaya. Wa mke wangu unaning'inia kwenye msumari wake, umefungwa utepe mwekundu ili asiyejua ajue. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nahitaji vielelezo vya kuchorea, na boksi la sabuni lilikuwa karibu, na mkasi ulikuwa mkononi. Karatasi ngumu huua makali kuliko kitambaa chochote. Asubuhi yake mkasi ulipokutana na hariri ya bibi harusi haukukata, ulitafuna. Mke wangu hakupiga kelele. Aliutoa utepe mwekundu, akaufunga kwenye kidole changu cha shahada, akaenda kumngoja mnoa visu wa baiskeli barazani.

Wiki ya kwanza ikaisha na mto mmoja.

La pili lilikuwa zulia la mlangoni. Mama mkwe ni msuka mikeka, na mimi katika ujana wangu nilikaa jioni nyingi uani kwake nikimtazama, kwa sababu nisizohitaji kuzieleza. Anasuka ukili mrefu, kisha anauzungusha na kuuunga mkeka ukikua. Nikasema nitafanya hivyohivyo kwa matambara: nikachana vitenge vipande vyembamba, nikavisuka vitatu vitatu, nikazungusha kutoka katikati na kushona ukingo kwa ukingo. Nitamtandikia mlangoni, aone nimejifunza kwake. Ila nilikuwa navuta uzi sana, kwa bidii. Uzi ukivutwa mno duara hukosa nafasi ya kutanuka, na ukingo huanza kuinuka. Mzunguko wa sita zulia lilikuwa sahani. Wa kumi lilikuwa bakuli. Wa kumi na tano mjukuu alilivaa kichwani akaenda nalo dukani. Likaishia nyuma ya jiko, na kuku mwekundu akaliona, akaingia, akajizungusha mara mbili, akataga. Katika vyote nilivyotengeneza msimu ule, hicho ndicho pekee kilichopokewa bila maneno.

Zilibaki siku tisa, na viroba vilikuwa vinne na nusu.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kusoma prufu. Miaka 31 nilikaa nikiwinda herufi zilizopotea na nukta zilizozidi, na mtu wa kazi hiyo husoma kila kitu, hata asichokitaka. Hivyo ndivyo nilivyowahi kukutana na habari za Wasidi wa Karnataka, huko India. Ni watu wenye asili ya Afrika. Wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa, na wengi wa hao wa Karnataka walipitia Goa ilipokuwa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi: matambara ya nguo kuukuu yanapangwa juu ya kitambaa kikubwa na kushonwa kwa mkono, bandi tupu, mstari baada ya mstari. Huanzia pembeni, wakazunguka na kuzunguka mpaka wakutane na katikati. Mwisho kila pembe huwekewa phula, yaani ua, vijipande vilivyokunjwa pembetatu vikapandana. Kawandi isiyo na maua hayo huhesabiwa kuwa ipo uchi.

Nikasema hapo ndipo penyewe. Mfarishi wa viraka kitandani kwa mama mkwe, kiroba kimoja na nusu kimekwenda kwa mpigo. Nilikumbuka kila kitu cha Wasidi isipokuwa lile la kuanzia pembeni. Wao huanza na ukubwa wanaoutaka, kisha wanajaza. Mimi nilianza katikati, kwa hesabu, kama mtu aliyesoma.

Kitanda cha wageni ni futi nne kwa sita, sentimita 122 kwa 183. Nikakata miraba ya sentimita 15: minane kwa upana, 12 kwa urefu, jumla 96. Nane mara 15 ni 120, 12 mara 15 ni 180. Nikamwonyesha mke wangu hesabu kwenye karatasi. Alikuwa na pini sita mdomoni, akaguna tu, nami nikachukua guno lile kuwa idhini.

Nilishona kwa cherehani ya mkono ya marehemu mama yangu, mkono mmoja ukizungusha, mwingine ukiongoza. Usiku wa kwanza nilipiga pasi mraba uliokuwa unang'aa vizuri kuliko yote, na pasi ikaondoka nao. Ulikuwa polista. Mke wangu akachukua nyuzi mbili, moja ya kitambaa kile na moja ya kanga, akazigusisha moto wa kiberiti: ya kanga ikaungua kama karatasi na kuacha jivu, ya polista ikajikunja na kuyeyuka ikawa punje nyeusi ngumu. "Chagua pamba," akasema, "na kila chekundu kisugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kiache." Nikachambua upya. Miraba 22 ilitoka.

Usiku wa saba nikaunga safu ya mwisho, nikautandaza kitandani kwa fahari. Ukafika magotini.

Nilipima mara tatu. Mshono hula sentimita moja kila upande, hilo fundi analijua kama anavyojua jina lake, na mraba wangu wa 15 ukishaungwa unabaki 13. Nane mara 13 ni 104. Kumi na mbili mara 13 ni 156. Nilikuwa nimeshona mfarishi wa mtoto wa darasa la nne, na kesho kutwa anakuja mama mkwe, mwanamke mrefu.

Dawa ilikuwa pindo pana kuzunguka pande zote. Vipande virefu vya pamba, vilivyokwisha kufuliwa, visivyochuja, vilikuwa vimejaa katika kiroba cha tano. Hicho kilikuwa cha kanga peke yake. Mteja akileta kanga ashonewe gauni, mke wangu hulikata jina na kuliweka kando, kwa kuwa watu wengi hawapendi kutembea na methali makalioni. Kwa hiyo kiroba kile kilikuwa kiroba cha majina, miaka na miaka ya majina: ya harusi, ya wifi, ya mwenye husuda, ya mama, ya jirani.

Nilipanga kwa rangi. Naapa nilipanga kwa rangi. Nyekundu na nyeusi kichwani, njano na kijani miguuni. Palipopungua niliunga, palipozidi nilikata. Tena anayeshona huweka nyuso mbili zikitazamana, anaona mgongo wa kitambaa tu, herufi zimegeuka. Hayo ndiyo maelezo yangu, na yule aliyewahi kunilipa mshahara kwa kusoma asiyasikie.

Mama mkwe akafika kwa basi la jioni, na kapu la madafu na mkeka mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

Umeme ulikuwa umekatika. Mke wangu alitandika kitanda kwa mwanga wa simu, akarudi mbio kwenye gauni la mtu. Na chumba alicholala mkwe mimi siingii, hata kama nyumba ni yangu. Kwa hiyo hakuna aliyekitazama kitanda kile mchana ila mwenyewe mlalaji.

Siku ya pili alikula matonge mawili, akanawa. Nilipomuuliza kama amelala vizuri alijibu "Alhamdulillahi", akatazama ukuta. Nikadhani magoti.

Siku ya tatu, alfajiri, nikasikia jembe uani. Ua wetu una mlimao mmoja na tuta la mchicha, hakuna kinachohitaji jembe hata kwa mwaka. Nikatoka nikamkuta mama mkwe kajifunga kibwebwe, analima. Udongo mgumu, magoti yanalia, analima.

"Mama! Acha tafadhali, magoti yako!"

"Niache nilime, baba. Ya tatu imefika."

Nikatazama saa. Ilikuwa kumi na mbili na robo.

Siku ya nne alimshika mjukuu mkono wakaenda dukani, wakakaa huko mpaka adhuhuri. Aliporudi alikuwa na doti mpya, na alasiri akajitanda moja akaja kukaa sebuleni, mgongo ametugeuzia, jina linasomeka toka bega hadi bega: SIKUJA KUKAA NIMEKUJA KUSALIMU.

Kwa watu wa pwani hayo ni mazungumzo. Mke wangu akauinua mguu kutoka kwenye pedeli, cherehani ikanyamaza. Akanivuta jikoni.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi? Nimemshonea mfarishi!"

"Mama hanunui kanga bure. Ile ni jibu. Nani kamsema?"

Tukapekua maneno yetu ya siku nne kama ninavyopekua ukurasa, neno kwa neno. Hatukuona kosa. Wala mama huwezi kumwuliza. Kanga hujibiwa kwa kanga, na mke wangu tayari alikuwa anahesabu hela ya kwenda dukani, jambo ambalo lingetufikisha pabaya kwa gharama.

Aliyetuokoa ni mjukuu. Yupo darasa la pili, na kama babu yake anasoma kila kilichoandikwa, hata kwenye kiberiti. Jioni ile alitumwa chumbani kwa bibi kuchukua sabuni. Kimya kidogo, kisha sauti yake ikaja kupitia pazia, silabi moja moja:

"Ma-ma... o-ndo-ka... tu-i-shi... kwa... a-ma-ni."

Sebuleni bibi akasema taratibu, bila kugeuka: "Soma na miguuni, mjukuu wangu."

"Ya... ta-tu... m-pe... je-mbe."

MAMA ilitoka kwenye kanga ya kumsifu mama, ile ya mama ni nguzo ya nyumba. Nilikata baada ya neno la kwanza kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. ONDOKA TUISHI KWA AMANI ilikuwa ikimwambia husuda, na husuda mwenyewe alibaki sakafuni na chenga nyingine. Ya miguuni haikuhitaji kuungwa na kitu: ni nusu ya methali ya mgeni, na kila mtu anaijua nusu ya mbele.

Nilisimama mbele ya mama mkwe nikaeleza yote: mito, zulia, Wasidi, sentimita mbili za mshono, rangi nyekundu na nyeusi. Nilipotaja kwamba kanga yenyewe ilizaliwa na kuunga vipande, kwamba kina mama wa pwani katika karne ya 19 walinunua leso za mraba zilizokuja kwa Wareno, wakashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, na ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso, alininyamazisha kwa kiganja.

"Mimi nasoma kanga tangu sijavunja ungo," akasema. "Nimesemwa na mawifi, nimesemwa na mke mwenza, nimesemwa na jirani aliyekufa sasa, Mungu amrehemu. Kusemwa na mkwe wangu wa kiume, kitandani, kwa uzi? Hii ni mpya." Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akashika magoti, akaitisha chakula.

Alipokwisha kula aliuomba mfarishi, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wangu. "Na ushonaji wenyewe mbaya," akasema.

Usiku ule mama na binti waliufumua upande wa kichwani. Mke wangu akakunja vipande pembetatu, akavipandanisha, na pale palipokuwa ONDOKA pakaota maua matatu ya phula. Wasidi wangeshangaa, kwao maua hukaa pembeni, lakini nadhani wangeelewa. JEMBE mama mkwe alikataa lisifichwe. Alisema amelifanyia kazi.

Hadithi ingekwishia hapo kama mke wangu asingeuanika mfarishi kwenye kamba ya mbele ya nyumba. Saa nne akapita mteja wa mtaa wa pili, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fundi. Hiki si kitambaa changu cha harusi ya mdogo wangu? Si ulisema hakikutosha kilemba?"

"Hakikutosha, dada. Ni vipande hivi tu."

Yule akaanza kuhesabu kwa kidole. Mmoja, miwili, mitano, saba. Miraba saba. Mke wangu alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyekata gauni. Na alikuwa na haki, vipande vya upana wa kiganja haviungwi vikawa kilemba cha harusi, fundi yeyote atakuambia. Lakini mtu aliyehesabu saba hasikii hilo. Tulimrudishia vilivyobaki vyake, akaondoka na mfuko, na kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba vitambaa vyao vipo, vimetunzwa, na mzee aliyestaafu amevipanga kwa rangi.

Wakaja. Wengine na picha za harusi za miaka kumi nyuma ili kitambaa kitambulike. Kwa wiki mbili nilikaa barazani na kiti na daftari, nikitoa vipande kama karani wa ghala. Kwa jumla viroba vitatu vimeondoka, na chumba cha wageni sasa kina sakafu. Mama mkwe alirudi Pangani na mfarishi wake kapuni.

Vimebaki viwili. Kama uliwahi kushonesha kwetu na hukurudishiwa masalia, tunapatikana baada ya saa kumi alasiri. Njoo na mfuko wako.